Kioo cha Upande wa Kushoto

Sikio langu la kushoto lilikufa baharini huko kisiwani Chula, nilikokuwa nikizamia kamba wa mawe, na daktari akanikataza maji ya kina maisha yangu yote. Basi nikahamia Kismayo, nikapata pikipiki, nikawa nachukua samaki pwani na kuwapeleka sokoni. Gari likija nyuma kwa kushoto silisikii hata kidogo. Naliona kwenye kioo cha kushoto tu, cha kulia sina. Kwa hiyo siku bajaji iliponikwangua na kioo kile kikamwagika chini vipande vipande, mke wangu hakuuliza habari ya bajaji. Aliutwaa ufunguo akautia kifuani.

"Bila kioo hupandi," alisema. "Sitaki kuletewa maiti."

Damu ilinichemka. Nikamwambia mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Akanijibu: vizuri sana, mwanamume wa nyumba na akae nyumbani.

Nilikwenda kwa muuza vipuri. Alikuwa na vioo vizima vya pikipiki za aina nyingine, na mashina yake hayakuingia kwenye usukani wangu nilipoyasokota. Akanishauri nisubiri mzigo mpya. Nisubiri! Samaki nao wasubiri? Kasha la kioo changu lilikuwa zima, kilichotoka ni kioo chenyewe, na kukata kioo sikufundishwa jana. Sisi wazamiaji tulikuwa tukijitengenezea miwani: unatia kioo chembamba ndani ya beseni la maji, mkono na mkasi vyote majini, unamega ukingo kidogo kidogo kama unavyopunguza kucha.

Nyumbani palikuwa na kioo kimoja tu, kile alichokuja nacho mke wangu siku ya harusi. Niliona haya kumwomba. Aliona ninavyokitazama, akakitungua ukutani mwenyewe.

Nikakikata nusu, na nusu hiyo nikaichonga mpaka ikaenea kashani. Kukikaza nikafanya nilivyomwona babangu akikalafati mashua, kuziba nyufa za mbao: pamba iliyolowa mafuta ya papa, nikaishindilia ukingoni kote. Kikashika barabara. Nikajisifu mbele ya mke wangu hata aibu sikuona, akanirudishia ufunguo.

Kesho yake, jua la adhuhuri, mafuta yakachuruzika, pamba ikatoka, kioo kikateleza na kupasuka barabarani. Nilisimama nikijitukana. Pamba ya mashua inashika kwa sababu inakunywa maji na kuvimba. Juu ya pikipiki, kwenye jua la Kismayo, ingekunywa nini?

Ningeweza kupanda nikafika, hakuna aliyeniona. Sikupanda. Niliisukuma na sanduku la samaki juu yake mpaka sokoni, halafu mpaka nyumbani, miguu ikiniwaka moto, na ufunguo nikamkabidhi mke wangu kwa mkono wangu. Nikamweleza habari ya pamba.

"Mchu wa bahari we," alisema, yaani mtu wa bahari kwa lahaja yetu ya visiwani, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaniletea nusu iliyobaki, ile aliyokuwa akijitazamia anapopaka wanja.

Mara hii nilimega kwa tahadhari ndani ya beseni, maana kama kingevunjika hapakuwa na kingine. Nilimega kutwa nzima. Ukingoni nikakizungushia ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, mgongoni nikapaka gundi ya kuzibia pancha, nikakiweka juani siku mbili nione kama kitathubutu kutoka. Hakikutoka. Nikauomba ufunguo.

"Twende wote," alisema.

Akakaa nyuma yangu, tukashika barabara ya bandarini. Nilimsemesha mara mbili, hakujibu, nikadhani bado amenuna. Kioo kilikuwa bapa, hakikuonesha upana kama kile cha zamani, lakini kilichomo kilionekana safi. Mara nikaona lori ndani yake, kubwa, linakuja mbio. Nikasogea kulia, ukingo wetu wa barabara, mpaka kwenye mchanga. Likapita, upepo wake ukatuyumbisha sote wawili.

Nilisimamisha pikipiki. Nikageuka kumwuliza kama ameogopa. Uso ulikuwa umemjaa jasho, na vidole vyake vilikuwa bado vimekamata shati langu.

"Nililisikia tangu mbali," alisema karibu na sikio langu zima. "Nilinyamaza makusudi, nione kama kioo kitatosha."

Akaniachia shati, akajifuta uso kwa mtandio, akasema turudi nyumbani, kesho alfajiri nina samaki wa kupeleka sokoni.