Mpira wa Mwisho Kwenye Udongo wa Kichuguu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vya kanisani, nimevipaka rangi mpaka vinang'aa. Nilikuwa nimeambiwa nimepata kazi klabuni, na kwa akili zangu za ujana nilidhani klabu ni mahali pa kupokea wageni na kupitisha glasi. Mzee Kabamba, chef de terrain, yaani msimamizi wa viwanja, alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Weye unakuya kuoa?" akauliza. "Vula ile biatu. Hapa tunatembea miguu tupu, udongo ikujue kwanza."

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, na wenye kuijua Lubumbashi wanajua baridi ya saa kumi na mbili mwezi wa saba. Nikavua viatu, nikapewa rulo. Rulo ni pipa la chuma lililojazwa zege, lina mkono wa kusukumia, na kazi yake ni kushindilia kiwanja cha tenisi. Jioni mama yangu alinikanda mabega kwa maji ya moto huku akiniuliza kama kweli hiyo ndiyo kazi ya klabu niliyowatangazia majirani.

Ninyi mnaocheza leo juu ya saruji hamjui kwamba tenisi ya mji huu ilitoka ndani ya vichuguu. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri, kwa kuwa mchwa wameshauchambua. Mzee Kabamba, mtoto wa wakulima wa Mitwaba, aliuchagua kwa kuuonja. Aliweka punje kwenye ulimi, akatafuna polepole, akatema. Ukikwaruza meno, una mchanga mwingi, haufai. Tuliuponda, tukauchekecha, tukauchanganya na unga wa matofali yaliyosagwa, kisha tukautandaza. Baada ya hapo yalifuata maji, kungoja, rulo, wavu wa kukokota ili kusawazisha vumbi, na mwisho mistari ya chokaa. Ukipiga rulo kabla maji hayajazama, kiwanja kinapasuka saa sita jua likipanda, na Mzee Kabamba alikuwa na matusi ya Kiluba aliyoyaweka akiba kwa kosa hilo.

Alinifundisha pia kusoma alama. Mpira ukianguka kwenye udongo unaacha doa. Wachezaji wakibishana kama umetoka au haujatoka, mwamuzi, yaani juge, anashuka kwenye kiti chake kirefu na kuja kulitazama. Tatizo ni kwamba baada ya saa nzima ya mchezo kiwanja kimejaa madoa.

"Angalia hapa," aliniambia siku moja, amepiga magoti. "Ya mupya iko na kavumbi mbele, mpira njo imekasukuma. Hii ingine, mupepo imeshakula ile kavumbi. Ni ya zamani. Juge hayue hii bintu. Weye njo utamuonyesha."

Kila kiangazi tulikuwa na mashindano ya mkoa. Walikuja watu wa Likasi na Kolwezi, na Wazambia waliovuka mpaka wa Kasumbalesa wakiwa na raketi mgongoni, wamechoshwa na foleni ya malori lakini wanacheka. Kila kundi lilileta kifuko cha udongo wa kwao. Kabla ya mchezo wa kwanza msimamizi wa viwanja alikipokea kwa mikono miwili na kukimwaga katikati, chini ya wavu, mbele ya watu wote. Sijui nani alianzisha desturi hiyo. Nilijua tu kwamba kwa wiki ile moja kiwanja hakikuwa cha Lubumbashi peke yake, na moyo wangu ulijaa.

Mzee Kabamba alipostaafu, nikachukua nafasi yake. Siku za fainali niliwekwa pia kwenye mstari wa nyuma kama juge de ligne, mtu wa kutangaza mpira uliotoka, kwa sababu hakuna aliyesoma udongo kama mimi. Nilijivuna, sitaficha. Nilitembea kama askofu.

Sasa niwaambie habari za Kasongo. Alikuwa fundi wa karakana ya reli. Baba yake na baba yangu walikaa mstari mmoja wa nyumba za wafanyakazi, tukabatizwa parokia moja. Alicheza kwa raketi ya kuazima. Asubuhi kabla ya kazi nilimfungulia kiwanja cha nyuma, akapiga mpira ukutani mpaka king'ora cha karakana kilie. Hakuna mtu wa cité yetu, mtaa wa wafanyakazi, aliyewahi kuchukua kombe lile. Aliposhinda nusu fainali, mama zetu waliimba njia nzima.

Fainali alikutana na Mwalimu Chanda, mwalimu wa shule kutoka Kitwe, Zambia, mtu mpole aliyekuja kwetu mwaka baada ya mwaka. Seti ya kwanza ilikuwa ya Kasongo, ya pili ya Chanda. Katika ya tatu Kasongo alitangulia, ikabaki pointi moja tu achukue kombe. Miguu yake ilikuwa imeanza kukaza. Niliiona ikitetemeka, nikajua wakiendelea kidogo tu hatafika.

Chanda akapiga mpira mrefu kwenye kona yangu. Uligusa chokaa. Niliona kabisa, kama ninavyoona mkono wangu huu. Na mdomo wangu ukasema, "Faute!" yaani umetoka.

Watu wakaruka. Chanda hakupiga kelele. Alikuja mpaka kwenye wavu akaomba alama itazamwe. Juge akashuka, akaja kwangu.

"Iko wapi, Papa Ilunga?"

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, nikaikataa. Doa la kweli lilikuwa juu ya mstari, na kavumbi kake mbele. Nikanyoosha kidole kwenye jingine, la zamani, upana wa kiganja nje ya mstari.

"Ni hii, chef."

"Papa huyu anajua udongo," juge akawaambia watu, na kombe likawa la Kasongo.

Chanda alikuwa amezunguka wavu, akasimama karibu nami. Alitazama doa nililoonyesha, akatazama lake, akanitazama mimi. "Mukwai," akaniita kwa heshima ya Kibemba, "asante kwa kiwanja muzuri." Akanipa mkono. Kuanzia siku ile sijapewa mkono mzito kama ule.

Mwaka uliofuata Wazambia hawakuja. Katibu wa klabu aliandika barua, hakujibiwa. Watu wa Likasi wakasema bila Wazambia mashindano hayana ladha, wakapungua, kisha wa Kolwezi nao. Mwisho nilimwaga kifuko kimoja tu chini ya wavu, chetu wenyewe, nikaona aibu. Klabu ikamwaga saruji juu ya udongo, nami nikapewa barua ya kustaafu na saa ya ukutani. Wengine wanasema ni ugumu wa maisha ulioua mashindano, ni barabara, ni mpaka. Labda. Mimi nimebaki na kidole changu.

Miaka yote hiyo nilijifariji kwamba angalau Kasongo alipata. Kombe liko sebuleni kwake, na hakuna harusi wala kilio ambapo hajasimulia fainali ile. Juzi, Jumapili baada ya misa, alikuja kwangu akitembelea fimbo.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita siku zote, yaani kaka mkubwa, "bajukuu yangu banasema minawadanganya. Weye peke njo umebakia mwenye kuona. Kuya ubaambie vile nilimupiga yule mwalimu."

Nilitaka kukubali. Ningeweza kwenda, kunywa chai, kusema uongo kidogo na kurudi nyumbani. Lakini niliona jinsi alivyokuwa na furaha, na sikuweza kuongeza uongo juu ya uongo. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, doa la kwanza na la pili, na sura ya Chanda.

Nilidhani atanitukana kwa ajili ya kombe, au kwa ajili ya mgeni niliyemdhulumu.

"Juu ya nini ulifanya vile?" akauliza.

"Niliona miguu yako inatetemeka. Niliogopa utashindwa."

"Miguu yangu ilikuwa inatetemeka tangu seti ya kwanza," akasema Kasongo. "Ningemupiga, yaya. Ile pointi ingepita, ningemupiga ku ingine. Sasa sitayua hata siku moja."

Akachukua fimbo yake, akasimama kwa shida, akakataa nimshike mkono.