Tingatinga Lililokataa Mlima

Tingatinga la machimboni lilikuwa zee, fundi wake naye alikuwa anazeeka, na watu walitania kwamba hao wawili watazikwa kaburi moja. Yeye hakucheka. Mkewe alikuwa ametangulia kwenye nyumba yao mpya, mbali na vumbi la kokoto, na fundi alitaka kumfuata kabla hajawa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Lakini kila alipoaga, tajiri mwenye machimbo alikuwa na jibu lile lile: "Likifa hili, ndugu yangu, nenda na baraka zangu. Likiwa hai, utaniachia nani?"

Sasa lilikuwa mahututi, na fundi, Mungu amsamehe, alifurahi. Asubuhi, likiwa baridi, lilisukuma mawe vizuri tu. Likishapata moto, gia zinaingia lakini haliendi. Injini inanguruma, minyororo imetulia tuli.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi huku injini ikiwaka. Mafuta yalikuwa na povu kama maji ya kufulia. Akavunjika moyo. Povu ni hewa, na hewa lazima iwe na mlango. Alilala chini ya tumbo la mashine, akapapasa mpira unaonyonya mafuta, akaukuta umechanika kwenye mkunjo. Dawa yake ilikuwa mpira mwingine na vibano viwili, basi. Akatambaa nje, akajipangusa mikono taratibu.

"Vipi?" tajiri akauliza.

"Giaboksi imekufa, bosi. Klachi zimeungua zote."

Ulimi hauna mfupa. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu huru, na raha ya kweli ikamjaa kifuani.

Tajiri alishika kiuno. "Basi lete spana, tuifungue mbele ya watu. Si ndiyo sheria yako?"

Kweli, ilikuwa yake. Zamani mafundi walipokuwa wakitangaza vyuma vizima kuwa vibovu ili waviuze, yeye ndiye aliyesimama akasema chuma hakizikwi bila kufunguliwa hadharani. Walimpigia makofi. Leo dereva na wapasua mawe walishaanza kusogea washuhudie, na klachi za humo ndani zilikuwa nzima kabisa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alijawa aibu, na hasira pia, hasa kwa yule kijana mwadilifu aliyekuwa yeye.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kuna mpira huku chini sijautazama vizuri."

Kabla ya chakula cha mchana tingatinga lilipanda mlima likiwa moto, watu wakashangilia. Tajiri alimkumbatia bila kujali ovaroli iliyolowa mafuta. "Mimi na wewe hatuachani!"

Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, limekufa?"

"Limepona."

"Nani kaliponya?"

"Mimi."

Alimsikia akishusha pumzi.

"Hongera, fundi," mkewe akasema. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita hivyo.