Ndege Waliotajirisha Kisiwa

Murshid ni Mpemba wa Wete, mimi ni Muunguja, kwa hiyo nitamsema nitakavyo. Alikuja Guangzhou kusoma uchumi kwa ufadhili, lakini Kichina chake hakukipata darasani, ng'o. Alikipata kwangu, ofisini kwenye jengo la Tianxiu Dasha, akinitafsiria na malaobani, wenye maduka ya viatu wa soko la Liuhua, na watu wa mizigo. Kutwa neno lake moja: feiji. Mzigo huu wa feiji, ule wa meli. Feiji ni ndege, na bila ndege mimi sili.

Mwaka 2004 chuo kikamwambia atoe insha kwa mdomo, mbele ya walimu watatu. Akishindwa, ufadhili basi, arudi kwao. Na kwao kuna nini? Baba yake na mikarafuu kumi na mitatu. Alikonda, maskini.

Akachagua Nauru.

"Nauru ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Nchi, Bi Swalha. Kisiwa kimoja tu, kule Pasifiki. Watu wake wote hawajazi uwanja wa Amaan."

"Sasa kwa nini hicho?"

"Hakuna mwalimu anayekijua. Nani atanibishia?"

Ujanja wa Kipemba huo.

Siku yenyewe nikafunga ofisi, nikavaa baibui langu la sikukuu, nikaenda. Nilikaa nyuma na Sia, Mchaga anayesoma naye, anitafsirie sikioni. Murshid kasimama, kijasho chembamba kinamtoka, mkononi karatasi za Kiswahili, anazigeuza Kichina papo hapo.

"Kisiwa hiki," akasema, "kilitajirika kwa mavi ya feiji."

Nikashtuka. Feiji? Neno langu la kazi limeingiaje humo? Sia kajifunika uso kwa daftari. Lahaula! Kwenye karatasi kaandika ndege, wa mabawa, lakini mdomo umeshazoea ile ya mizigo!

Mwalimu Liang, mzee wa miwani, akauliza taratibu, "Feiji hizo zilianza lini kunya hapo?"

"Zamani sana, mwalimu. Maelfu ya miaka. Zilikuwa zikija kutaga."

Mbavu zangu jamani! Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyewe macho pima, hajui kakosea nini, anaendelea tu. Mavi yakawa jiwe. Wazungu wakaja, wakalichimba, wakalipeleka kwao kuwa mbolea. Mwaka 1968 wenyewe wakapata uhuru, wakachimba kwa faida yao, wakawa matajiri wa kutisha. Serikali yao ikanunua feiji kadhaa.

"Ili zinye zaidi?" akauliza Mwalimu Liang.

Hapo Murshid akaitazama karatasi, akajipiga paji la uso mpaka tukasikia. Kwisha habari yake, nikasema moyoni, na mimi ndiyo nishabaki bubu sokoni. Nilimwonea huruma, wallahi, machozi yakanilenga.

"Niwieni radhi, walimu," akasema. "Kwetu anayetaga na inayobeba mizigo jina lao moja, ndege. Nimechanganya mimi. Lakini na hawa wa Nauru walichanganya. Mali waliletewa na ndege, wakaenda kuimaliza kwenye ndege. Sasa jiwe limekwisha, feiji imebaki moja, na katikati ya kisiwa ni mashimo matupu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Liang akavua miwani.

"Na kwenu mnauza nini?"

"Karafuu."

"Na zaidi ya karafuu?"

Nilitaka kumpigia kelele, we taja hata mwani, taja chochote! Murshid akazikunja zile karatasi, akazitia mfukoni.

"Mimi, mwalimu. Mkinirudisha leo, zinabaki karafuu."

Walimu wakatazamana, wakanong'onezana weee. Mwisho wakampitisha. Msamiati wakampa sifuri, na haki yao.