Kuanguka Hakuhesabiwi

Hadi leo, fundi akifungua kopo la grisi, ninamwona tena papa, baba yetu, kwenye mteremko wa Bagira, akipima kwa hatua umbali tulioteleza mimi na dada yangu juu ya ubao wetu mmoja wa magurudumu yaliyopakwa grisi. Ugomvi wetu ulikuwa umemchosha. Akaamua: kila mmoja ateleze mara tano. Mwenye wastani mkubwa akae nao likizo yote. Mara nne nilifika mbali. Mara ya tano nilianguka palepale.

"Andika zéro, gawa kwa tano," papa aliniambia.

"Papa, kuanguka haihesabiwe. Tugawe kwa ine."

"Huyu mutoto ataniua."

"Zéro yake iko kwa goti," dada alisema. "Inatoka damu."

Papa akanitazama goti, akaiandika zéro mwenyewe, ubao akampa dada.