Safari ya Songo Songo na Kiingereza Changu

Enzi zetu pale sekondari, Kilwa, ukinaswa unaongea Kiswahili unavikwa kibao cha mbao chenye kamba ya katani, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako. Basi tuliongea kwa vidole na kope. Kuomba ruhusa ya kwenda chooni ulikuwa mtihani wa taifa, wengine walibana mpaka kengele ya kutoka.

Mimi nilikuwa bingwa wa Kiingereza. Ubingwa wenyewe ulitoka kwenye kamusi niliyorithi kwa kaka, inayoanzia herufi D, maana kurasa za mwanzo shangazi alishafungia karanga.

Siku moja likabandikwa tangazo: safari ya kidato cha pili kwenda Songo Songo kuona mtambo wa gesi ni "called off". Wenzangu wakanigeukia. Nikakohoa kidogo, kama daktari, nikanong'ona, "Imeahirishwa. Ni sawa na 'put off' tu. Jumamosi ijayo tunaondoka."

Somoe, niliyekaa naye dawati moja, akashusha pumzi. Baba yake alikuwa mvuvi huko kisiwani, kaoa huko huko, na Somoe hakuwa amemwona tangu darasa la tano. Jumamosi akaja shuleni na visheti vya kumpelekea baba yake. Boti haikuwepo. Tukavila, visije vikaharibika. Jumamosi ya pili akaja na vingine, navyo tukavila.

Jumatatu yake mwalimu wa Kiingereza akanirudishia insha yangu ikiwa nyekundu tupu. "'Put off' ni kuahirisha. 'Call off' ni kufuta kabisa, mbumbumbu wewe!" Yeye kibao hakikumhusu.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa Somoe. Lakini ubingwa nao mtamu, jamani. Jioni ile akaniambia kwa kunong'ona, "Mjomba anakwenda kula Idi kwa baba, anataka tufuatane. Nimemwambia nitakwenda na shule. Au vipi, bingwa?"

"Wiki ijayo," nikasema.

Mjomba akaenda peke yake.

Baada ya Idi mwalimu akanisimamisha nisome masahihisho yangu ya 'call off' mbele ya darasa, na tarehe yake juu, ya kabla ya Idi. Nilisoma huku nikiona haya mpaka masikio yakawaka. Tulipotoka, Somoe akanisimamisha mlangoni, kwa Kiswahili cha sauti ya juu, hajali nani anasikia.

"Kumbe ulijua?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kirefu, ambacho hata mimi sikukielewa. Kesho yake akahamia dawati la nyuma. Hatukuongea tena mpaka tukamaliza shule.

Siku hizi binti yangu anaiuliza simu tofauti ya maneno hayo, inamjibu kabla hajafunga mdomo. Akimkosea rafiki yake, anamtumia kikatuni cha uso unaolia na "sori" moja, yamekwisha, wanacheka. Namtania kwamba kizazi chao hakijui hata kuomba radhi. Halafu nakumbuka kwamba mimi nilikuwa na lugha mbili, na Somoe sikumwomba radhi hata kwa moja.