Chanzo Kilichonirudisha Kihesa

Niseme mapema kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, sikuletewa na mtu, na niliipata mbele ya wanafunzi arobaini waliokaa kimya kunisikiliza (wanafunzi wa chuo kukaa kimya ni jambo la nadra, na mimi nilijipongeza nikidhani ni ufundi wangu).

Mimi ni mkutubi. Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja Iringa, naishi Kihesa na watoto, na mume wangu yuko Mbeya kikazi, mwaka wa sita sasa. Tumekuwa mke na mume wa simu na wa mabasi ya Ijumaa, mpaka mtoto wetu mdogo akimwona baba yake anamwamkia kama mgeni, kwa hiyo chuo kimoja cha Mbeya kilipotangaza nafasi ya mkutubi niliomba siku hiyo hiyo, nikaitwa. Usaili wenyewe ulikuwa kufundisha: saa moja na wanafunzi wa mwaka wa pili, niwaonyeshe namna ya kutafuta vyanzo vya utafiti na kupima kipi cha kuaminika, huku mkuu wa maktaba, Mzee Mwambene, amekaa nyuma na faili langu mkononi. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuulizia nyumba kubwa kidogo, na watoto nilikuwa nimeshawaambia wachague nani atalala na nani.

Nilikuwa nimeandaa mfano wangu nyumbani, wa ugonjwa wa mahindi, nimeupitia mara nne, hauna shida yoyote. Ningeng'ang'ania mahindi yangu, leo ningekuwa nakaa Mbeya. Lakini nilipoona darasa limechangamka, nimeshaandika ubaoni maswali yangu matatu (nani kaandika, alijuaje, na nani mwingine anasema hivyo), Mzee Mwambene anaitikia kwa kichwa, basi na mimi kichwa kikavimba. Nikauweka mfano wa mahindi pembeni, nikawaambia wachague mada wenyewe, yoyote ile, na tutaifuatilia pamoja mpaka tumpate aliyeanza kuisema.

Binti mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono. Jina lake Kabula, kwao ni Igawa, mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani. Akasema kuna jambo analikuta kila anaposoma, kwamba wafugaji wa kwao wanakataa majiko banifu, haya ya kuni chache, kwa sababu ya mila, wakati mama yake analo jiko hilo na hataki tena kusikia habari za mafiga. Alitaka kujua maneno hayo yalitoka kwa nani.

Nikafurahi kweli, kwa sababu mada ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tukaanza na tovuti ya shirika moja la majiko, ambayo chini ilitaja makala ya mhadhiri fulani, tukafungua makala, ambayo nayo ilitaja ripoti ya mwanafunzi wa stashahada wa Iringa, na ripoti hiyo ipo yote mtandaoni. Ilipokuwa inafunguka nilikuwa nimeupa mgongo ukuta ambao projekta ilikuwa inaumulika, naeleza kwa mbwembwe kwamba chanzo cha mwanzo ndicho kinachosema kweli. Nilipogeuka nikakuta jalada limejaa ukuta mzima, na jina la mwandishi ni R. Mhongole.

Pale chuoni nilijitambulisha kwa jina la mume wangu. Mhongole ni baba yangu.

Sasa niwaeleze. Kabla sijaingia mambo ya maktaba nilisoma stashahada ya maendeleo ya jamii, tukapewa wiki tatu twende fildi, na mimi nikapangiwa Igawa, nihoji wafugaji habari za majiko banifu. Mama alikuwa anaumwa, lakini uvivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko ugonjwa wa mama. Nikakaa sebuleni Kihesa nikajaza madodoso yote kwa mkono wangu. Kupika data, ndivyo tulivyoita, na wengi tulipika. Ilipofika sehemu ya sababu za kuyakataa nikaandika mila, kwa kuwa mtu usiyemfahamu na usiyefika kwake, ukisema ana mila hakuna anayekubishia.

Hata hapo ningeweza kusema muda umeisha. Badala yake nikamtetea mwandishi, kama vile ni mtu mwingine. Nikasema huyu mtafiti anaonekana alikwenda mwenyewe, akakaa na watu, akawahoji (nikijisikia nayasema, na siwezi kunyamaza). Kabula, kwa adabu zake zote, akaomba tufungue viambatisho, maana ni mimi niliyewafundisha dakika kumi nyuma kwamba mtu makini husoma mpaka viambatisho. Tukafungua. Nilikuwa nimeskani madodoso yote niliyoyajaza, ili mwalimu aone bidii yangu, na juu ya kila moja kuna jina la aliyejibu. Majina hayo niliyachukua kwa majirani zetu wa Kihesa.

Kabula akasoma taratibu, Kikoti, Nyenza, Kalinga, Mhongole, akanitazama.

"Samahani madam," akasema. "Wafugaji wa kwetu ni akina Masanja na akina Luhende. Hawa akina Kikoti walihamia lini?"

Darasa likacheka. Kisha mwenzake aliyekaa naye akasema kwa sauti ya chini kwamba mwandiko wote ni mmoja, na nikaona macho yake yanatoka ukutani yanakwenda ubaoni, yanarudi ukutani, na kicheko kikaisha. Nyuma kule Mzee Mwambene alikuwa amefungua faili langu kwenye vyeti, na vyeti vyangu vyote vimeandikwa Mhongole.

Nikasema ni mimi. Nikasema sikufika Igawa.

Kabula hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Mradi wa majiko ulitupita," akasema. "Ukaenda vijiji vya wakulima. Tuliambiwa sisi hatuyataki. Mama alilifinyanga la kwake mwenyewe, kwa kuangalia la mtu."

Nilimwomba radhi pale pale, akasema haina shida madam, akaendelea kuandika kwenye daftari lake.

Mzee Mwambene alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mama, somo limeeleweka vizuri sana," akaniambia. "Kazi siwezi kukupa."

Nilikiandikia chuo changu cha zamani kuomba ripoti iondolewe. Wakajibu kwamba ni kati ya kazi zao zinazosomwa sana, kwa hiyo ombi langu litajadiliwa. Bado wanajadili.

Siku hizi nikipata wanafunzi wapya naanza na ripoti yangu, naifungua mwenyewe kabla mtu hajaigundua, nawaambia wanifanyie mimi yale maswali matatu, wakicheka nawaacha wacheke. Sitamwambia tena mtu kwamba fulani alikwenda kama sijui alikwenda. Ijumaa jioni nawapeleka watoto stendi kumpokea baba yao. Yule mdogo bado anamwamkia kama mgeni.