Stesheni Yenye Paa la Bati

Uvumilivu uliniisha nilipokuta stesheni ya treni ya kuchezea ambayo binti yangu Akinyi aliiezeka bati, kwenye pipa la taka la shule, hapa Kawangware.

"Mama Akinyi, hakufuata picha iliyo kwenye boksi," mwalimu akasema.

Hata mimi, nilipokuwa mtoto, sikufuata. Mama aliniletea stesheni ya plastiki ya kuunganisha kutoka alikofanya kazi ya nyumba. Mchana mmoja, nikiwa nimefungiwa ndani peke yangu Kibera, nyumba ikinuka gundi na mafuta taa, nilikata bomba lake la moshi kwa wembe nikaezeka bati la mkebe, ifanane na kwetu. Niliamini treni iliyopita karibu na kwetu ikiiona itasimama, imshushe mama.

Ilipiga honi, ikapita. Mama alirudi kwa miguu.

Kwa hiyo nilimwandikia mwalimu mkuu wa Akinyi: "Nalalamika rasmi. Mtoto wangu hakuharibu kitu. Alijenga kwao. Arudishiwe."